Kreti Mlangoni kwa Patrice

Mimi naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, tena polepole, kwa hiyo nikikasirika kwenye grupu, maneno yangu hufika wakati watu wameshahamia habari nyingine. Patrice anaandika kwa vidole gumba viwili, hata haangalii. Ndiyo maana kwa muda mrefu yeye alionekana mcheshi na mimi nikaonekana mkali. Leo nasimulia kwa nafasi yangu, na hakuna wa kunifungia mdomo.

Sisi ni mafundi wa kushona, vibanda vyetu viko mstari mmoja nyuma ya soko hapa Kisangani. Tuna chama, na chama kina grupu la WhatsApp linaloitwa Sindano Moja. Mwenyekiti ni Patrice, fundi wa makoti ya harusi, na grupu alilifungua yeye. Sheria ya faini pia aliileta yeye: anayemtukana mwenzake kwenye grupu analeta kreti ya soda barazani. Aliyetukanwa anafungua chupa ya kwanza na kunywa, wengine wanakunywa baada yake, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kulirudia neno lile. Kreti iliyoletwa hairudi depo ilikonunuliwa mpaka aliyetukanwa afungue. Tulisema ni sheria nzuri, tukampigia makofi.

Kumbe tulikuwa tumemuuzia kibali. Alimwiga Carlos, fundi wa kudarizi, kigugumizi chake kwa maandishi, herufi moja ikarudiwa mstari mzima. Kesho yake kreti, na Carlos akafungua, akanywa. Mimi aliniandika kwamba marehemu mume wangu hakufa kwa ugonjwa, alikimbia mdomo wangu. Kesho yake kreti. Nilifungua, nikanywa, soda ikanipalia, nao wakacheka hata kule kupaliwa kwangu. Kuna mara moja kreti ilitangulia kufika asubuhi na tusi likaja mchana. Watu walishika mbavu, wakasema Patrice ana akili.

Sasa kuna Leila, mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki mwaka huu kabla ya mvua kubwa, na cherehani anayoshonea Leila ilikuwa ya mama yake. Tunakaa kibanda kimoja, mimi huku, yeye kule, katikati meza ya kukatia. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, na hilo nalisema hata asipokuwepo.

Kosa lilikuwepo, silifichi. Parokia moja ya hapa mjini ilikuwa inajiandaa kwa jubilei ya padri wao, abbé, na wamama walichapisha kitenge chenye uso wake, abbé anatabasamu ndani ya duara la majani, nyuso tele kitambaa kizima. Adeline alituletea chake tumshonee sketi na blauzi, kipande kitakachobaki kiwe foulard ya kufunga kichwani. Adeline ni mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza masufuria kwa jumla, na ametuamini miaka mingi bila kujali kwamba yeye anakwenda misa na sisi tunakwenda msikitini.

Kitenge cha maua unakikunja, unapitisha mkasi, unakata mbele na nyuma kwa pamoja, maana maua hayana juu wala chini. Kitenge cha uso hakikunjwi hivyo. Ukikikunja, upande mmoja uso unasimama na upande wa pili unapinduka. Tena lazima uangalie uso unaangukia wapi, kwa sababu hakuna mama anayetaka kumkalia padri wake. Leila alikuwa hajawahi kukata kitenge cha namna hiyo, na mimi siku hiyo nilikwenda kutafuta zipu, nikanogewa na maneno huko sokoni. Alikunja kama alivyozoea. Sketi ilipokwisha, mbele abbé anatabasamu vizuri kabisa, na nyuma abbé yuko kichwa chini, mahali penyewe pa kukalia.

Adeline alipokuja aliipokea, akaigeuza. Kisha akavuta kiti.

"Donc nitamukalia abbé misa muzima?" aliuliza.

Leila aliinama, machozi yakiwa karibu.

"Hapana lia, mutoto. Kitambaa ya foulard iko ingali muzima. Toa upande ya nyuma, weka ingine. Miye nitafunga foulard ya zamani. Samedi nitakuya kuichukua."

Akaondoka, tuonane Jumamosi. Mambo yaliisha hapo, kati ya mwenye nguo na fundi wake, kama yanavyotakiwa kuisha. Leila aliitundika sketi kwenye msumari wa mlangoni ili aifumue. Patrice akapita kuomba chaki. Aliipata chaki, akatushukuru, akaenda zake, na hatukumwona alipotoa simu.

Siku hiyo umeme haukuwepo tangu asubuhi na simu zetu zote, isipokuwa ya Patrice, zilikuwa zimezima. Uliporudi alasiri, watu walichomeka simu kila kibanda, nazo zikaanza kulia mstari mzima. Nilifungua yangu nikidhani mtu amekufa.

Ilikuwa picha ya sketi, upande wa nyuma. Chini yake Patrice ameandika: "Abbé amechoka na jubilé, Leila amemupatia kiti." Hiyo nakubali, hata mimi mdomo ulinicheza. Ya pili ikaja: "Ule mutoto, balimufundisha kushona ao kukata kitunguu?" Vikafuata vile vikatuni vya kucheka, safu nzima. Kisha nikaona jina la Leila. Alikuwa amekaa mbele yangu, kumbe anaandika. "Tonton Patrice, pardon. Kosa iko yangu, nitaitengeneza. Naomba mutoe picha."

Mtoto ameomba radhi kwa adabu, amemwita tonton, yaani mjomba, mbele ya watu wazima wote wa mstari wetu. Na Patrice akamjibu hivi: "Na sanda ya mama yake, aliishonaka vile vile, kichwa chini?"

Nilisoma, nikasoma tena. Nilimwangalia Leila. Simu ilikuwa mapajani mwake, naye alikuwa anaangalia mkasi uliokuwa mezani. Ni mkasi uleule. Mdogo wangu, siku zake za mwisho, aliomba Leila ndiye akate sanda yake, na Leila akakata, nyumbani, wakati sisi wamama tunaosha mwili. Mikono yake haikutetemeka. Mstari wetu wote unajua, kwa sababu walikuja matangani na mimi mwenyewe niliwaeleza kwa kujivuna.

Chini ya tusi lile watu walikuwa wamecheka. Ukibonyeza pale, simu inakuonyesha majina. Nilibonyeza. Nikamwona Carlos, ambaye tuliwahi kumwonea huruma kwa kuigwa. Nikawaona wengine, na katikati yao nikamwona Alfani.

Alfani ni fundi wa kanzu, mtu wa msikiti wetu, alilibeba jeneza la mdogo wangu begani. Nilimwona makaburini akikung'uta udongo mikononi. Kwa mkono uleule amebonyeza kicheko. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niiweke wapi hata leo. Patrice ni Patrice, anarusha jiwe kila siku. Lakini watu kumi na kitu wameliona jiwe linampata nani, wakacheka, kisha wakarudi kwenye cherehani zao umbali wa kikohozi kutoka mlangoni kwangu.

Nikaanza kuandika kwa kidole changu kimoja. "Weye Patrice, hauna" ndipo nilipofika. Kile kijistari cha kuandikia kikatoweka, na simu ikaniambia kwamba wasimamizi peke yao wanaruhusiwa kutuma ujumbe. Msimamizi ni yeye. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wake: "Bon, hatutaki palabre na kelele. Amende yangu, ile kreti, itafika kesho. Grupu iko ya kucheka."

Leila alisimama, akachomoa uzi kwenye sindano, akaifunika cherehani ya mama yake kwa kitambaa.

"Mama mukubwa," alisema, "samedi kuko boti ya Basoko. Nitaenda kwa papa." Baba yake, Mohamadi, anauza samaki wa moshi kule. "Kushona naacha."

"Sababu ya Patrice?"

"Hapana Patrice peke yake. Kila mutu mwenye atapita hapa kunisalimia, nitajiuliza kama naye alicheka." Alikunja pindo la kile kitambaa, akalikunjua. "Na ile sanda. Niliikata muzuri?"

"Uliikata muzuri."

"Hauko unanituliza tu?"

Hapo ndipo nilipojua Patrice amechukua nini. Kazi ya mkasi ambayo mtoto huyu aliifanya bila kutetemeka, jambo pekee lililokuwa likimshikilia tangu mama yake afe, sasa analitilia shaka, kwa sababu mwanamume mzima alitaka watu wacheke naye alasiri moja. Nilimwapia kwa Mungu. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia mchuuzi bila nia ya kununua.

Asubuhi kreti ilikuwa imeshafika. Patrice aliiweka mlangoni kwake, kivulini, na mafundi wakaja mmoja mmoja na vigoda vyao. Walikuwa wanaongea habari za mpira. Ukiwaona hungedhani kuna aliyeumizwa. Leila alibaki nyumbani anafunga mizigo, na mimi nikaenda peke yangu.

"Mama Zaina, karibu," Patrice alisema. Alishika kifungulio. "Mutoto iko wapi? Akuye afungue, mambo ishe, watu bako na kiu."

"Atafungua," nilisema. "Kwanza, mbele ya kufungua, utusomee."

"Nisome nini?"

Nilimpa simu yangu, picha ya sketi ikiwa wazi. "Haya yako. Umeandika ili watu bacheke. Wote beko hapa. Soma, tucheke pamoja."

Alicheka yeye kwanza. "Mama Zaina, ile ilikuwa mchezo. Mchezo tu."

"Basi soma mchezo."

Aliona watu wanangoja, na Patrice hajawahi kukataa watu wanaongoja. Alisoma ile ya abbé na kiti, kwa sauti yake ya harusini. Wachache walitabasamu. Alisoma ile ya kitunguu, sauti ikiwa imeshuka. Kigoda kimoja kililia. Kisha alifika pale kwa Leila anapoomba radhi, akauruka ujumbe wake, na macho yake yakaingia kwenye mstari uliofuata, yakabaki humo.

"Bon, inatosha," alisema.

"Kumebakia mustari moya."

"Ile niliandika mbiombio, mama Zaina."

"Mbiombio ulijua kuiandika. Polepole utajua kuisoma."

Alinirudishia simu, na mimi nikakataa kuipokea. Ikabaki mkononi mwake. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia, maana siku zote yupo mtu wa kumsaidia Patrice, na siku hiyo kila mmoja alikuwa ameona kitu kwenye viatu vyake.

Nikawageukia wao. Nasema kweli, hao ndio niliowaendea. "Tonton Patrice anashindwa kusoma, hakuna neno, nyie munaijua. Mulicheka jana. Nimeona majina. Basi nawaomba mucheke tena, hapa, na miye nisikie. Carlos, anza."

Carlos alisema alibonyeza tu, hakusoma. Ilimchukua muda kulisema, na sitaandika jinsi alivyolisema, kazi hiyo ilishafanywa na Patrice.

"Hukusoma," nilimwambia. "Donc ulimucheka mutoto wa marehemu bila kujua unacheka nini. Na weye Alfani, ulisoma ao ulibonyeza?"

Alfani alivua kofia yake, akaiweka gotini. "Zaina, tuko mbele ya batu."

"Na kwenye grupu mulikuwa mbele ya nani?"

Nilimwambia jeneza alilolibeba lilikuwa na sanda ileile, na kama ina cha kuchekesha angecheka siku ile, begani likiwa. Nilisema mengine pia, makali, na mama mmoja akasema jamani basi. Nikamwuliza jana hiyo basi yake alikuwa ameiweka wapi. Sauti yangu ilikuwa imefika sokoni, na watu wasiotuhusu walianza kusimama. Sikujali. Jana yake nilizibwa mdomo kwa kubonyeza kidude kimoja, na siku hiyo hakukuwa na kidude.

Ndipo nilipomwona Leila. Alikuwa amesimama nyuma ya vigoda, funguo za kibanda mkononi, amekuja kunirudishia. Sijui alikuwepo tangu lini. Watu walimpisha bila kuombwa.

"Tonton Patrice," alisema, "soma ile moya imebaki. Sasa miye niko hapa."

"Leila, mutoto wangu, pardon. Tuache."

"Uliniandikia miye. Nisomee."

Alisoma. Sauti ya harusini haikuwepo. Alisoma maneno yote, sanda, mama yake, kichwa chini, na alipofika kwenye alama ya kuuliza alinyanyua macho kama mtu aliyeulizwa yeye. Hakuna aliyecheka. Carlos alikuwa ameziba uso kwa viganja.

Leila alingoja kidogo, akahakikisha kimya kile ndicho jibu lao.

"Sanda haishonwake, tonton," alisema. "Kwetu inakatwa, inafungwa. Sindano haingie. Niliikata miye, mama mukubwa ndiye alifunga. Na ile kitambaa iko nyeupe tu. Haina juu, haina chini." Akanigeukia. "Ilikuwa muzuri."

Safari hii hakuniuliza.

Patrice alichukua chupa kwenye kreti, akaifuta kwa kiganja, akamnyoshea pamoja na kifungulio. Nitamtendea haki, nadhani aibu ilikuwa ya kweli. Lakini hata katika aibu yake hakujua njia nyingine ila ileile. Unywe, iishe, tusilirudie.

Leila aliitazama chupa. Kumkatalia mtu mzima mbele ya watu si jambo dogo kwetu, na niliona anavyopambana nalo. Alizirudisha funguo mfukoni mwa gauni lake.

"Sinywe, tonton," alisema. "Na Basoko siende."

Akapita katikati ya vigoda, akaingia kibandani. Tulisikia kitambaa kikivutwa, kiti kikiburutwa, na baadaye kidogo uzi ukikatwa kipande kwa kipande, anafumua sketi ya Adeline. Mafundi walichukua vigoda vyao na kuondoka bila kuagana. Patrice alibaki na chupa mkononi mpaka ikalowa jasho la mkono wake, ndipo akairudisha kwenye tundu lake.

Jumamosi Adeline alikuja. Aliivaa sketi nyuma ya pazia, akatoka, akajigeuza mbele ya kioo, halafu akakaa kwenye kiti kwa nguvu zake zote ili ahakikishe. "Abbé yuko salama," alisema, na Leila akacheka, kicheko cha kusikika, cha kwanza tangu tulipofiwa.

Alfani alikuja pia, siku nyingine, kwa miguu yake, akaomba radhi kwa mdomo wake. Leila amempokea. Mimi bado, na sijui lini. Watu wananiambia nimekuwa mzito, mbona mtoto mwenyewe amesamehe. Nawajibu kwamba mtoto ana moyo wake na mimi nina wangu, tena wangu umefanya kazi miaka mingi zaidi, umechakaa.

Grupu limefunguliwa. Siku hizi Patrice anaandika bei ya uzi na habari za misiba, mistari mifupi. Nimemwona mara kadhaa anaandika kitu kirefu, simu inaonyesha anaandika, anaandika, kisha anaacha.

Kreti iko palepale alipoiweka. Hairudi depo mpaka Leila afungue, hiyo ni sheria yake mwenyewe na tuliipigia makofi. Vumbi limekaa kwenye vizibo. Mlango wa Patrice ni mwembamba na kreti imeziba nusu yake, kwa hiyo kila asubuhi akitaka kuingia kazini lazima aivuke. Mimi kibanda changu kiko hatua chache kutoka chake. Nakunywa chai yangu, namwangalia anavyoinua mguu.